Vijana Wetu Wamechoka na Nyimbo za Siku Hizi: Je, Tunawasikiliza?



Kila sifa njema anastahiki Allah (Subhaanahu Wata'ala), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), jamaa zake na maswahaba zake.

Ndugu zangu wasomaji, wazazi na wanafunzi, mada yangu leo ni nyimbo. Najua wapo watakaoshangaa mwalimu wa madrasa kushughulika na nyimbo za kidunia. Nawaomba mnivumilie mpaka mwisho.

Mwaka 2019 mtoto wa miaka tisa aliingia darasani kwetu hapa Osukuru, akasimama mlangoni na kunisalimia kwa sauti kubwa. Hakusema Assalaamu alaykum. Alitoa neno lililotoka katika wimbo wa kundi la Sailors la Nairobi. Mwaka ule wimbo huo ulikuwa unapigwa kila mahali, kuanzia kwenye malori ya Malaba hadi kwenye bodaboda za Tororo mjini. Mtu akilitamka neno hilo, wenzake huitikia kwa neno la pili, na hata watu wazima walikuwa wakiitikiana hivyo barabarani. Neno lenyewe sitaliandika hapa, kwa sababu ukurasa huu unasomwa na familia. Wanafunzi wakubwa waliangua kicheko. Mtoto naye akacheka, akidhani amesalimia vizuri.

Mkono wangu ulikwisha kuishika fimbo. Alhamdulillah, nilimwuliza kwanza: "Neno hilo maana yake nini?" Akajibu: "Ni salamu ya Kiswahili, Ustadhi." Mtoto huyu nyumbani kwao wanasema Kiteso, shuleni wanamfundisha kwa Kiingereza, na Kiswahili amekiokota njiani. Hakuwa ametukana. Alikuwa anatumia Kiswahili pekee alichopewa.

Jambo hili wenzetu wa Mombasa au Unguja huenda wasilione kama tunavyoliona sisi wa mpakani. Kwao mtoto hupokea Kiswahili kwa mama yake. Kwetu huku, kati ya Tororo na Busia, watoto wengi wanazaliwa katika Kiteso, Kidhopadhola au Kisamia, na Kiswahili huwafikia kupitia wimbo. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilipitisha kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari, na hilo ni jambo jema. Lakini wimbo ulifika kabla ya mwalimu, na wimbo haungoji bajeti ya serikali.

MALALAMIKO NILIYOYASIKIA

Sasa niwaeleze kilichonifanya nishike kalamu. Jumamosi moja hivi karibuni, baada ya darasa, niliwakuta wanafunzi wangu wa sekondari wamekaa chini ya mwembe wakibishana kuhusu nyimbo. Nilidhani watanyamaza wakiniona, lakini mmoja akasema: "Ustadhi, hata sisi tumechoka na nyimbo hizi."

Nikakaa nao. Mvulana mmoja akasema wimbo wa siku hizi unaisha kabla hajajua unahusu nini. Mwingine akasema ukiondoa mdundo hakibaki kitu, ni jina la gari, jina la pombe na jina la msichana. Kisha akasema binti mmoja ambaye kwa kawaida haongei sana: "Wanatuimba sisi wasichana kama nyama iliyotundikwa buchani."

Wazazi, maneno haya hayakutoka kwa sheikh kwenye mimbari. Yametoka kwa vijana wanaozijua nyimbo hizo kwa majina na tarehe. Nilipowauliza basi wao wanasikiliza nini, walinitajia nyimbo zilizotoka kabla hawajazaliwa!

Jambo hili haliko Osukuru peke yake. Kule Kenya, baada ya gengetone iliyovuma kuanzia mwaka 2018, ukaja mtindo unaoitwa arbantone, ambao umeshika kasi tangu mwaka 2023 na 2024. Arbantone unachukua midundo na vipande vya nyimbo zilizopendwa miaka ya 2000 na kuvitengeneza upya. Mwenye duka akianza kuuza tena bidhaa za miaka 20 iliyopita, jua wateja wake wanakosa kitu katika hizi mpya.

NAMI NILIKUWA KIJANA

Sitaki kujifanya malaika mbele yenu. Mwaka 2002 nilikuwa kijana, na nilikuwa nanunua kanda za kaseti sokoni Busia. Nilizificha chini ya godoro ili marehemu baba asizione. Kwa hiyo nyimbo wanazozisifu vijana hawa nazijua, wala si kwa kuhadithiwa.

Mwaka 2001 Professor Jay wa Tanzania alitoa "Ndio Mzee", akimwigiza mwanasiasa anayewaahidi wananchi mambo yasiyowezekana huku wao wakiitikia tu. Wagosi wa Kaya wa Tanga waliimba "Wauguzi", wakilalamikia namna wagonjwa wanavyohudumiwa. Mwana FA, ambaye baadaye alikuja kuwa mbunge wa Muheza, aliimba "Alikufa kwa Ngoma" kuhusu ukimwi. Kenya nako, Eric Wainaina alitoa "Nchi ya Kitu Kidogo" mwaka 2001 dhidi ya rushwa, na mwaka 2002 Gidi Gidi Maji Maji wakaja na "Unbwogable". Wimbo huo ulikuwa na Kijaluo kingi ndani yake, na jamaa zetu Wajopadhola waliufuata bila mkalimani, kwa kuwa lugha hizo ni ndugu.

Na kabla ya hao wote, hapa Uganda tulikuwa na Philly Lutaaya. Mwaka 1989, wakati ambapo mwenye ukimwi alifichwa chumbani hadi afe, yeye alijitokeza hadharani na kusema anao. Akaimba juu ya upweke wa ugonjwa huo, akazunguka kuwaonya vijana, na akafariki Desemba mwaka huohuo. Sisi tuliokuwa watoto wakati ule tulilijua jina la ugonjwa huo kupitia sauti yake.

Ukirudi nyuma zaidi utamkuta Siti binti Saad wa Zanzibar, mwanamke Muislamu aliyetoka katika umaskini. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi sahani za santuri kwa Kiswahili. Wimbo wake uitwao "Kijiti" ulisimulia mauaji ya mwanamke mgeni pale Unguja, muuaji akatoroka bara na walioadhibiwa wakawa wengine. Mahakama ilifunga faili, lakini wimbo haukusahau.

Je, nasema zamani kila kitu kilikuwa kizuri? La. Zilikuwapo nyimbo za upuuzi nyingi tu, ila tumezisahau. Miaka ya 1990 TOT na Muungano walipokuwa wakirushiana mipasho kule Dar es Salaam, wazee waliozoea taarabu ya zamani nao walilalamika kwamba staha imekwisha. Kila kizazi hulia na kinachokuja nyuma yake. Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba safari hii hawalii wazee peke yao. Wanaolia ni vijana wenyewe, ambao nyimbo hizo zinasemwa zimetengenezwa kwa ajili yao.

KWA NINI IMEKUWA HIVI?

Tusikimbilie kusema vijana wameharibika. Tuangalie namna biashara yenyewe inavyokwenda.

Zamani msanii aliuza kanda. Ukishalipa shilingi zako, ulitaka kusikiliza pande zote mbili mwaka mzima, kwa hiyo ilibidi kuwe na kitu cha kusikiliza. Leo msanii anahesabiwa mibofyo. Huduma ya Spotify, iliyofika Kenya, Uganda na Tanzania mwaka 2021, huhesabu kwamba wimbo umesikilizwa ukipita sekunde 30. Tangu mwaka 2024 wimbo ambao haujafikisha mara 1,000 katika miezi 12 haulipwi kitu huko. Ongeza na zile video fupi za simu, ambapo mtu hachezi wimbo mzima bali kipande kimoja tu.

Jiwekeni mahali pa kijana wa Malaba anayeazima pesa aingie studio. Kisa chenye mwanzo, kati na mwisho kinahitaji dakika nne na msikilizaji mtulivu. Neno moja la aibu linahitaji sekunde mbili. Soko linamlipa nani? Mtu akishangaa kwa nini hadithi zimepotea katika nyimbo, jibu moja ni hili.

Serikali zimejaribu kupiga marufuku. Mwaka 2018 BASATA waliufungia wimbo wa "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond, na mwaka 2019 bodi ya filamu ya Kenya ikaufungia "Takataka" wa Alvindo, ulioonekana kuhimiza kumdhuru mwanamke aliyekataa kupendwa. Sisemi walikosea. Wimbo wa namna hiyo una madhara. Lakini marufuku hufunga mdomo mmoja kwa muda, na mara nyingi waliokuwa hawaujui wimbo huanza kuutafuta. Marufuku haijawahi kuandika ubeti mmoja mzuri.

KOSA LANGU

Hapa naomba niseme jambo ambalo limenikaa moyoni kwa muda mrefu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na mwanafunzi mwenye sauti nzuri mno. Katika Maulidi yeye ndiye aliyeongoza kasida, na kina mama walikuwa wakifuta machozi. Siku moja aliniletea karatasi. Alikuwa ameandika shairi kuhusu mama yake, ambaye huuza ndizi kwa madereva wa malori pale Malaba na kurudi nyumbani usiku akinuka moshi wa dizeli. Aliniomba nimsahihishie mizani na vina.

Sikumsahihishia. Nilimwambia mbele ya darasa zima kwamba aliyekuja kusoma dini hana haja ya mashairi ya dunia, nikamrudishia karatasi yake. Nilidhani nimemlinda.

Kijana hakurudi tena. Alikwenda studio moja mjini, akawaimbia shairi lile. Wakamwambia halina moto, hakuna atakayelicheza. Akaandika lingine kama walivyotaka. Likapigwa wiki chache kwenye disko na kwenye matanga. Mama yake alilisikia likipita kwenye bodaboda, bila kujua mwimbaji ni nani, mpaka jirani alipomwambia: "Si huyo mwanao?" Mama huyo wiki ile hakwenda sokoni.

Mwaka jana kabla ya Ramadhani kijana alinijia. Sasa anapakia na kupakua mizigo ya malori. Hakuja kunilaumu, alikuja kuniomba msamaha, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Aliniambia: "Ustadhi, wimbo ule niliuandika kwa dakika kumi. Shairi nililokuletea wewe niliandika kwa miezi miwili." Nikamwomba anisomee lile shairi. Alikuwa amebakiwa na ubeti wa kwanza tu, na karatasi haijulikani ilikokwenda.

Ndugu zangu, kijana alikuwa na neno jema mkononi. Studio ililikataa kwa sababu halina faida, na mimi nililikataa kwa sababu sikuwa na subira. Aliyefungua mlango ni yule aliyetaka neno baya. Nitamwambia nini Allah kuhusu hilo?

DINI YETU NA NENO

Najua masheikh zetu wametofautiana kuhusu ala za muziki. Wapo wanaozikataza zote, na wapo wanaoruhusu dufu na kuweka masharti. Mimi si mufti, na sitaufungua mjadala huo hapa. Kila mmoja amwulize mwanachuoni anayemwamini.

Lakini kuhusu neno hatuna tofauti. Katika Suratu Ibrahim, aya ya 24 hadi 26, Allah amelifananisha neno jema na mti mzuri wenye mizizi imara na matunda kila wakati, na neno ovu na mti uliong'olewa usio na mahali pa kusimama. Katika Suratu Shu'araa wametajwa washairi wanaotangatanga katika kila bonde na kusema wasiyoyatenda, kisha wakaondolewa humo walioamini na kutenda mema. Maana yake wako washairi wa aina mbili. Mtume (S.A.W) alikuwa naye Hassan bin Thabit aliyemtetea kwa mashairi. Na siku ya Idi, mabinti wawili walipokuwa wakiimba nyumbani kwa Bibi Aisha na Abubakar akataka kuwanyamazisha, Mtume alimwambia awaache, kwa kuwa ile ni siku ya sikukuu.

Nasi Waswahili tumerithi mali kubwa katika jambo hili. Mwana Kupona binti Msham wa Pate, mwanamke aliyekuwa mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi wa nasaha mwaka 1858, na mpaka leo unasomwa. Hapa Uganda tunayo matali, ngoma za Waislamu zinazopigwa katika Maulidi na harusi. Vijana wanaolalamika chini ya mwembe wanatafuta maneno yenye uzito. Sisi tunayo sandukuni, na ufunguo tumeukalia.

TUFANYE NINI?

Haya ndiyo maoni yangu, na mwenye bora zaidi atuletee.

1. Mzazi, kabla hujazima redio, uliza. Mwambie mwanao akueleze wimbo unasema nini, neno kwa neno. Nimejaribu darasani. Mara nyingi kijana mwenyewe akifika katikati huona haya na kunyamaza. Haya hiyo ni sehemu ya imani, na aliyoigundua mwenyewe hudumu kuliko aliyopigiwa kelele.

2. Kijana akikwambia nyimbo za siku hizi ni mbovu, usimjibu "si tuliwaambia!" Amekupa mkono, usimpige kibao. Mwulize anakosa nini, kisha umpe kitu. Msomee ubeti mmoja wa utenzi na mfasirie maneno magumu.

3. Harusi zetu tuziangalie. Tunafunga nikaha kwa khutba nzuri asubuhi, kisha mchana tunamkabidhi mpiga muziki uwanja mzima bila kumuuliza atapiga nini, huku bibi na wajukuu wamekaa hapo. Keti naye kabla ya siku, mpe orodha. Na wape vijana wetu wa matali nafasi inayostahiki, isiwe ya dakika tano wakati watu wanatafuta viti.

4. Matanga nayo. Wenzetu wa upande wa Busia wanajua balaa ya disko matanga, na mabinti wangapi wamekatishwa masomo baada ya usiku wa namna hiyo. Viongozi wamekataza mara nyingi, lakini disko linarudi kwa sababu vijana hawana pengine pa kukutana usiku. Binti yako akienda msibani, nenda naye, na urudi naye.

5. Nasi walimu wa madrasa, tufundishe utunzi. Saa moja kwa wiki inatosha: mizani, vina, na jambo la kweli la kusema. Mtoto anayetunga ubeti wake mwenyewe hadanganyiki kirahisi na ubeti wa mtu mwingine.

Kwetu tumeanza. Kila Jumamosi baada ya Adhuhuri wanafunzi huleta tungo zao. Binti yule aliyesema habari ya buchani ameandika kuhusu kuamka alfajiri kuchota maji huku mawe yakilipuliwa machimboni na nyumba ikitikisika. Vina vyake bado vinayumba. Nimevisahihisha kwa kalamu nyekundu, taratibu, na kila karatasi sasa naibakiza nakala.

Yule kijana wa Malaba nimemwalika aje awafundishe sauti. Bado hajaja. Naendelea kumsubiri, na nawaomba mumwombee dua, na mimi pia mniombee.

Ewe Mola wetu, zitakase ndimi zetu na za watoto wetu, uwajaalie wawe funguo za kheri, na utusamehe pale tulipofunga milango uliyotaka tuifungue. Amin.

Wabillahi tawfiq.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.

Ndugu yenu, mwalimu wa madrasa, Osukuru.